Geji inapanda dizeli ikishuka: ninunue floti mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya dagaa, tunalala Mikindani. Injini ni ya dizeli, ya ndani, nguvu farasi 30. Tanki ni la chuma, lita 200, limechomelewa kufuata umbo la tumbo la boti. Mwaka jana geji ya mafuta ilianza kuyumba: leo inasoma robo, kesho imelala kwenye sifuri, na tanki limejaa. Fundi wa umeme wa magari akanifungia geji mpya. Tangu hapo mambo ni kinyume. Nikijaza, mshale unalala chini. Kadiri tunavyotumia, unapanda. Nikazoea kuisoma kinyumenyume hivyo hivyo. Giza lililopita (zile siku zisizo na mbalamwezi tunazovua) tukiwa tunarudi na mzigo, injini ikazimika, na kwa usomaji wangu tulikuwa bado na robo ya tanki. Fundi anasema floti imefungwa kichwa chini, ninunue mpya. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa usiku huo. Pesa ya floti iache mfukoni kwanza. Kwa maelezo yako floti inaweza kuwa nzima, na hata ile geji ya zamani mliyoitoa inaweza kuwa nzima. Naona matatizo matatu yamepandana. La kwanza ni la mwaka jana, ambalo halikutibiwa. La pili limeletwa na geji mpya. La tatu ni la tanki lenyewe, na hilo ndilo nadhani liliwazimisha.

Nianze na huko kwenda kinyume. Geji haioni mafuta. Ndani ya tanki kuna floti, yaani boya lililofungwa kwenye mkono wa waya mgumu. Boya likipanda au kushuka, mkono unasogeza ulimi mdogo juu ya utepe wa waya mwembamba, na kutegemea ulimi umesimama wapi, umeme unapita kwa urahisi au kwa taabu. Hiyo taabu ndiyo ukinzani, hupimwa kwa omu. Geji ya kwenye dashibodi inapokea omu tu, halafu inazigeuza kuwa mwendo wa mshale. Na watengenezaji hawakukubaliana lugha moja. Kwa mtindo wa Kimarekani tanki tupu ni omu 240 na tanki lililojaa ni omu 33. Kwa mtindo wa Ulaya tupu ni 10 na kujaa ni 180. Vipo pia vya Kijapani vyenye namba zao.

Sasa chukua floti ya Kimarekani, uifunge na geji ya Ulaya. Ukijaza tanki, floti inatoa 33, na geji ya Ulaya ikiona 33 inadhani mafuta yanakaribia kwisha, kwa hiyo mshale unalala juu kidogo ya sifuri. Tanki likikauka floti inatoa 240, na mshale unapita alama ya kujaa. Mtego uko katikati: boya likiwa katikati ya mwendo wake floti inatoa omu kama 100, na geji ya Ulaya ikiona 100 inaonyesha nusu na kidogo. Yaani nusu peke yake inasomeka sawa kwa pande zote mbili, na ndiyo maana vitu hivi viwili vinaweza kukaa pamoja muda mrefu bila mtu kugundua kwamba havisikilizani. Dalili ulizonieleza ndizo hizo hasa.

Na hili la floti kufungwa kichwa chini, kwa floti nyingi za boti halitokei. Flanji yake, ile sahani inayofungwa kwa skrubu juu ya tanki, ina matundu matano ambayo hayakugawanywa sawasawa, makusudi, ili ikae kwa namna moja tu. Ukitaka kuilaza vibaya, skrubu hazitaingia.

Kabla hujagusa chochote, chagua siku. Ninyi wa dagaa mnapumzika mbalamwezi ikiwaka, basi kazi hii ifanye siku hizo, lakini angalia maji. Mbalamwezi ikiwa kamili ni bamvu, maji yakipwa pale Mikindani yanatoka mbali na boti inalalia ubavu kwenye matope. Ukipima mafuta boti ikiwa imelala ubavu, utapata namba ya uongo na utamlaumu asiyehusika. Pima maji yakiwa yamejaa, boti inaelea wima, na mzigo umeshushwa.

Jambo lingine la kabla: dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini boti zenu nyingi zina jenereta ya taa na dumu la petroli pembeni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kutulia huko usiuone. Toa madumu na jenereta, fungua vifuniko upepo upite, hakuna sigara, na kila unapofungua tanki zima swichi kuu ya betri kwanza.

Haya, sasa ujue ukweli. Usianze na waya, anza na kijiti. Tafuta ufito mkavu ulionyooka, upake chaki, uuzamishe wima kwenye tundu la kujazia mpaka uguse chini, uutoe, usome alama ya dizeli kwenye chaki. Kama bomba la kujazia limepinda, utatumia tundu la floti ukifika huko. Andika kimo hicho kwa sentimita. Kila namba utakayoipata baadaye inalinganishwa na hiki.

Kisha nenda nyuma ya geji ukiwa na mita, ile ndogo ya umeme ambayo hata fundi redio anayo. Utakuta nati tatu: I inaleta umeme kutoka kwenye swichi, G ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, S ni waya unaotoka kwenye floti. Washa swichi, pima kati ya I na G. Unatakiwa uone volti 12 na kitu. Ukiona 9 au 10 na betri ni nzima, ugonjwa uko kwenye fyuzi, swichi, waya wa kulisha geji au ethi yake, na hapo usiende mbele mpaka uutibu. Umeme ukiwa sawa, chomoa waya wa S na utazame mshale unakwenda wapi. Halafu chukua kipande cha waya, uunganishe S na G kwa sekunde mbili tatu, utazame tena. Geji ya Kimarekani ukichomoa inaanguka kwenye sifuri, ukiunganisha inapanda hadi kujaa. Geji ya Ulaya ukichomoa inapanda, ukiunganisha inaanguka. Kwa dakika moja umeshaijua geji yako ni kabila gani. Tafadhali sana, waya wa S usiguse kamwe upande wa chanya. Volti 12 nzima zikipita kwenye utepe ule mwembamba zinauchoma, na hapo ndipo utakuwa na haja ya kweli ya kununua floti.

Fanya jaribio hilo hilo kwa geji ya zamani kama hujaitupa. Iunganishe tu kwa waya mezani na betri. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, nunua kwa fundi redio rizista tatu za nusu wati: omu 33, omu 100 na omu 220. Unganisha moja moja kati ya S na G kwa muda mfupi. Geji nzima ya Kimarekani itaonyesha imejaa, nusu, na karibu na tupu. Ikikupa hayo, mliitoa geji nzima mkaacha ugonjwa ndani ya boti.

Ugonjwa wenyewe nauhisi ulipo. Sikiliza dalili zako za mwaka jana: tanki limejaa, mshale unasoma robo, siku nyingine sifuri, kesho yake umerudi. Kwa geji ya Kimarekani omu zikizidi mshale unashuka, na waya ukikatika kabisa unalala sifuri. Kitu kinachoongeza omu leo na kuzipunguza kesho kwa kawaida ni mahali palipoungwa waya pakaliwa na chumvi. Na kwenye boti mahali hapo mara nyingi ni ethi ya floti.

Nimewahi kuitwa Kilwa Masoko kwa boti ya abiria iliyokwisha kubadilishiwa geji mbili na floti moja. Nilichukua waya mrefu, ncha moja nikaibana kwenye hasi ya betri, ncha ya pili nikaigusisha kwenye flanji ya floti. Mshale ukaruka kutoka sifuri mpaka robo tatu. Nikiuondoa waya, unaanguka. Nikafungua skrubu ya ethi. Kwa nje mpira wa waya ulikuwa mzuri, unang'aa. Nilipoumenya, ndani zimebaki nyuzi tatu nne za shaba, nyingine zote zimekuwa unga wa kijani, na nilipoukunja kati ya vidole ukavunjika kama kijiti cha kiberiti. Mwenye boti alikuwa amekwisha kulipa bei ya vifaa vitatu kwa ajili ya waya usiozidi nusu mita.

Kwa hiyo fanya kama nilivyofanya. Ukiwa na tanki la chuma watu huamini ethi inapita yenyewe kwenye bati, lakini mafundi wengi hupaka silikoni nyingi chini ya flanji na kwenye skrubu, na silikoni haipitishi umeme. Kutu nayo inazuia. Mshale ukisogea ulipogusisha waya wa majaribio, umempata mwizi. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga waya mpya wa ethi kutoka flanji hadi hasi, na ukipata waya ambao nyuzi zake zimepakwa bati chukua huo, maana shaba tupu kwenye hewa ya Mikindani haikai. Vichwa vya waya vibane kwa koleo yake, vipake grisi. Kusokota kwa mkono na kuzungushia tepu ndiko kulikotufikisha hapa.

Baada ya ethi, pima floti yenyewe. Zima swichi, chomoa waya kwenye nati ya juu ya floti, weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi (mara nyingi ni sehemu ya omu, hiyo utaitoa), kisha pima kati ya nati na flanji. Linganisha na kile kimo cha kijiti. Tanki likiwa karibu kujaa na mita inasoma 40 au 50, floti ni ya Kimarekani na inafanya kazi. Mita isiposoma kitu kabisa, utepe umekatika. Halafu nenda juu kwenye geji, upime kati ya waya ule ule wa S na nati ya G, waya ukiwa umechomolewa geji lakini umerudishwa kwenye floti. Namba ikiwa 45 kule chini na 90 huku juu, hizo 45 zilizozidi zimeliwa na waya au na ethi, kwa hiyo tafuta kiungo kibovu njiani, hasa panapopita ngamani.

Ikiwa namba za floti haziendani na kijiti, hapo ndipo uifungue. Weka alama ya kalamu kwenye flanji na tanki kabla ya kutoa skrubu, na uitoe polepole kwa kuizungusha, mkono usipinde. Unganisha mita, kisha pandisha boya kwa kidole taratibu kutoka chini hadi juu. Omu zinatakiwa zitembee bila kuruka. Zikiruka kutoka 80 hadi 200 na kurudi, utepe umelika. Tazama na boya. La sponji huzeeka likanywa dizeli. Liweke kwenye beseni ya dizeli na kama linazama nusu kama mtu aliyechoka kuogelea, limekwisha. La shaba litikise sikioni, ukisikia maji ndani limetoboka. Angalia pia ute mweusi kwenye egemeo la mkono. Ute huo unatokana na maji yaliyoko chini ya tanki, na maji ni jambo la kutazama kwa macho mawili: dizeli inaelea juu ya maji, boya linaelea juu ya vyote viwili, kwa hiyo geji itakuhesabia maji kama mafuta. Yafungulie kwa koki ya chini ya tanki mpaka itoke dizeli safi.

Ukirudisha floti, usikate gasketi kutoka kwenye tyubu ya baiskeli au ya gari. Najua inafanywa kila mahali. Mpira ule ukikutana na dizeli unavimba, unalainika, na baada ya miezi kadhaa mafuta yanalowanisha juu ya tanki boti ikiyumba. Tafuta gasketi ya mpira unaostahimili mafuta.

Sasa tuje kwenye usiku ule, ambao umenifanya nikuandikie kwa urefu. Tanki lako limefuata tumbo la boti, maana yake juu ni pana na chini linabanika kuelekea mkukuni. Boya linapima kimo, halipimi lita. Chukua tanki lenye umbo kamili la herufi V: ukifika nusu ya kimo, kilichobaki ni robo ya mafuta. Ukifika robo ya kimo, kilichobaki ni sehemu moja ya kumi na sita. Kwa lita 200 hiyo ni lita 12 na nusu. Wewe ulisoma robo ukahesabu 50. Tanki lako huenda lina sakafu kidogo chini, basi ongeza lita chache, lakini 50 hazikuwepo.

Na hizo chache nazo si zote zinazovutika. Bomba la kuvutia dizeli haligusi sakafu, limeachwa juu kidogo ili lisivute maji na takataka. Kisha mlikuwa na mzigo. Dagaa wakipangwa mbele omo inainama, dizeli inakimbilia mbele, na kama mdomo wa bomba uko upande wa tezi unabaki kwenye hewa. Wimbi moja linatosha kuvutisha upepo, na injini ya dizeli ikishaingiwa na upepo haiwaki mpaka ufungue skrubu za filta na nati za nozeli uutoe wote, kwa tochi, boti ikiyumba. Naamini ndivyo ilivyokuwa, na hata kama geji na floti vingekuwa vipya na vinapatana, mshale ungesimama pale pale kwenye robo.

Dawa yake ni kulijua tanki lako lita kwa lita. Siku ambayo limekaribia kukauka, boti ikielea wima, toa yote yaliyobaki, kisha anza kujaza. Lita 10, subiri litulie, zamisha kijiti, tia alama ya kisu. Lita 10 tena, alama. Ukifika 60 unaweza kwenda kwa 20. Utaona mwenyewe alama za chini zimeachana na za juu zimebanana. Pima kwa mita ya pampu au kwa chombo ulichokihakiki, kwa sababu dumu la lita 20 likijazwa hadi mdomoni huchukua zaidi ya 20. Kisha washa geji kila hatua, bandika karatasi kwenye dashibodi: mshale ukiwa nusu ni lita kadhaa, ukiwa robo ni lita kadhaa. Kijiti kikae kwenye boti siku zote, kisitumike kukorogea rangi.

Weka na daftari la saa za injini. Injini ya dizeli hula takriban lita moja kwa saa kwa kila nguvu farasi tano inazozitoa. Yako ya 30 ikikamuliwa yote itakula kama lita 6, ikienda kwa utulivu itakula pungufu. Baada ya giza mbili utakuwa na namba ya boti yako mwenyewe, iliyo bora kuliko yangu. Gawa mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu lisiguswe. Msimu wa kusi, kama mmevua kaskazini na mnarudi mkilikabili, fungu la kurudi litakwisha mapema kuliko la kwenda, kwa hiyo msilihesabu kwa umbali.

Kwa wenye tanki mbili ambao watasoma hapa, neno moja: injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma na kuyarudisha yaliyobaki kwa bomba la pili. Ikivuta tanki la kulia na kurudisha la kushoto, geji moja itashuka haraka na nyingine itapanda bila mtu kujaza, na hakuna kilichoharibika kwenye umeme. Angalieni koki ya kurudishia kabla ya kufungua geji.

Kwako wewe, nikiwa nakadiria kwa mbali, utamaliza kwa kurudisha geji ya zamani, au kununua geji moja iliyoandikwa nyuma 240-33, pamoja na waya mpya wa ethi. Lakini usinunue hata hiyo mpaka umepima. Niandikie namba tatu: kimo cha dizeli kwa kijiti, omu ulizozikuta juu ya floti, na omu ulizozikuta mwisho wa waya wa S kule kwenye geji. Na uniambie mshale ulikwenda wapi ulipochomoa S.